Mashine Iliyomeza Tarakimu ya Kwanza

Nyinyi vijana mnaoandika programu mnalalamika sana. Wiki iliyopita mabinti wawili wanaosoma chuo walikuja kunisalimu hapa Heru Juu, kila mmoja na kompyuta yake begani, wakanililia kwamba programu iliyokwenda vizuri mwaka jana sasa imegoma kuchapa hata neno moja, eti toleo jipya la lugha yao linadai mabano. Mabano mawili! Nilicheka mpaka nikashika mbavu, nao wakanuna. Walikuwa wakijiuliza bibi kizee huyu anacheka nini, na mambo ya kuchapa kwenye kompyuta aliyajulia wapi. Basi kaeni niwaambie niliyajulia wapi, na yalinigharimu nini.

Miaka ya sabini nilikuwa mwandishi wa programu katika ofisi moja ya serikali Dar es Salaam. Katika Waha nilikuwa mimi peke yangu pale, na wanawake tulikuwa wawili. Binti niliyekwenda shule pekupeku, nimekabidhiwa mashine inayojaza chumba kizima na yenye kiyoyozi chake, wakati mkurugenzi mwenyewe anajipepea kwa faili! Siwaambii haya kwa unyenyekevu. Nilijivuna, na bado najivuna.

Lugha yetu iliitwa Fortran. Kioo cha kutazama ulichoandika hakikuwapo. Kila mstari wa programu ulitobolewa kwenye kadi yake ya karatasi ngumu, kadi zikapangwa kwenye trei, trei ikapelekwa kwa mwendesha mashine, nawe ukaenda kunywa chai. Majibu yalirudi kesho yake, na mara nyingi jibu lenyewe lilikuwa kwamba umekosea. Wiki yangu ya kwanza niliiangusha trei nzima ngazini, kadi zikatawanyika hadi mlango wa posta iliyokuwa chini yetu. Nilidhani nimefukuzwa kazi. Mkuu wetu, Bi Mwanaidi, mama wa Kitanga aliyevaa miwani mizito, alinipa kalamu ya wino.

“Zipange upya,” akasema, “kisha uchore mstari wa mshazari ubavuni mwa rundo lote, kutoka pembe hii hata ile. Zikianguka tena, mstari utakwambia ipi si mahali pake.”

“Na wewe, Bi Mwanaidi, umeziangusha mara ngapi?”

“Mwanangu, hila hii unadhani nilifundishwa na malaika?”

Turudi kwenye mabano yenu. Sisi, ili mashine ichape neno, tulilazimika kwanza kuhesabu herufi zake na kuitajia idadi. Ukitaka ichape KAGERANKANDA, uliandika 12, ukaandika H, ndipo ukaandika neno lenyewe. Ukihesabu kumi na moja, ile A ya mwisho ilibaki nje na programu yote ikakataliwa. Ukihesabu kumi na tatu, mashine iliumeza mkato uliofuata, nayo programu ikakataliwa vilevile. Wenzangu waliochapa MOSHI na TANGA waliwahi kwenda nyumbani. Mimi wa mkoa wa Kigoma nilibaki nahesabu vidole, nikiwalaumu wazee wetu waliotoa majina marefu utadhani walilipwa kwa herufi.

Kisha likaja toleo jipya. Hakuna tena kuhesabu. Unaweka alama ya nukuu mwanzoni na mwishoni mwa neno, mashine inajua yenyewe. Jamani, tulishangilia! Mmoja wetu alinunua soda kwa wote. Toleo lilikuja na kijitabu chake, na Bi Mwanaidi alinikabidhi kwa mikono miwili.

“Kisome chote, Editha. Hata panapochosha.”

Nilisoma kurasa za mwanzo, zile za sifa. Za mwisho zilikuwa na maandishi madogo kuhusu mashine ya kuchapia, nami mashine ya kuchapia nilikuwa naijua kuliko ninavyomjua mjomba wangu. Nikazifunika. Kosa langu lote limo katika kurasa zile.

Kazi yangu ya kwanza kwa toleo hilo jipya ilikuwa orodha ya chanjo ya surua kwa wilaya za Kasulu na Kibondo. Vijiji vilikuwa vimehamishwa na kupangwa upya, madaftari yamevurugika, kwa hiyo wilaya zilileta takwimu mpya za watoto, sisi tukazitoboa kwenye kadi. Orodha ilitakiwa ionyeshe kila kijiji na idadi ya watoto wake, ili timu ijue ichukue dozi ngapi ndani ya kasha la barafu. Ukichukua nyingi mno, zinakufa kwa joto. Ukichukua chache, kuna mtoto atakayerudi nyumbani bila kuchomwa.

Niliiomba kazi ile mwenyewe, tena kwa kung'ang'ania. Dada yangu mkubwa, Skola, aliolewa Murungu, upande wa Kibondo. Mwaka uliotangulia surua ilimchukulia mtoto wake wa kike. Alibaki na mmoja, Nestori, ambaye alikuwa hajafikisha hata miaka miwili, na katika barua yake alinisimulia kwamba kila mtoto wa jirani akikohoa yeye hufunga mlango. Kwangu mimi orodha ile nzima ilikuwa ya Nestori. Vijiji vingine vyote vilikuwa vinamsindikiza.

Ndiyo maana nikatia ufundi. Katika orodha za zamani jina la kijiji lilitangulia na idadi ikafuata mbali, kule kulia, muuguzi akahangaika kufuata mstari kwa kidole. Nikasema hapana, mimi nitatanguliza idadi, ibanane kabisa na ukingo wa kushoto, nafasi za tarakimu tatu, kisha jina. Nikajaribu programu kwa vijiji vitatu vidogo, yaani sabini, themanini na tano, sitini. Vikatoka safi. Nikaipeleka yote ichapwe, karatasi za nakala mbili zenye kaboni katikati. Mwendesha mashine alinung'unika kwamba orodha yangu inapenda karatasi, mara inaruka ukurasa hata kabla haujajaa. Nikamwambia afanye kazi yake.

Nilikuwa na likizo, kwa hiyo nikaibeba orodha mwenyewe. Treni hadi Kigoma, kisha gari hadi Kasulu, orodha kifuani. Dawa za wilaya zote mbili zilikuwa zimeshafika na zimehifadhiwa kwenye jokofu la hospitali pale. Bwana Afya, Ndugu Kamugisha, mtu wa Bukoba mwenye subira nyingi, alinipokea vizuri. Timu ya Kibondo ilikuwa inasubiri orodha tu. Wakachukua nakala yao, wakapima dozi zao, wakaondoka na gari la wilaya siku hiyohiyo. Kijiji chao cha kwanza, kesho yake, Murungu. Nililala kwa shangazi nikiwa na furaha ya kijinga.

Asubuhi, saa mbili hivi, nilikuwa ofisini kwa Bwana Afya. Akaingia Mama Yohana, mkunga wa Kagerankanda, aliyetembea tangu alfajiri kuja kuuliza chanjo itafika kwao lini.

“Mwakeye,” akatusalimu, akaketi. Bwana Afya akamsomea: Kagerankanda, keshokutwa, watoto arobaini.

“Wangapi?”

“Arobaini, mama.”

“Arobaini ni wa ng'ambo moja ya mto. Nani kasema arobaini?”

“Kompyuta,” nikajibu mimi, kwa madaha.

“Huyo Kompyuta kafika Kagerankanda lini?”

Bwana Afya akainamisha kichwa, naona alikuwa anaficha kicheko. Nikamweleza yule mama kwa sauti ya mtu wa Dar kwamba ile ni mashine, na mashine haikosei.

“Ego,” akaitikia kwa Kiha, yaani ndiyo. “Basi watoto ndio waliokosea kuzaliwa.”

Bwana Afya akakohoa. “Ndugu Editha, na mimi kuna kitu kilinishangaza. Dozi zilizoletwa ni nyingi kuliko orodha yako inavyotaka. Nyingi sana. Nikasema labda Dar wametuhurumia. Hiyo ziada gari la Kigoma linakuja kuichukua leo.”

Dozi zilitumwa kwa kufuata jumla. Jumla iliyopigwa na programu yangu hiyohiyo. Nikaivuta nakala yangu, nikaitandaza mezani, na kwa mara ya kwanza nikaisoma bila kujisifu. Ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Katika wilaya mbili nzima hapakuwa na kijiji hata kimoja chenye watoto mia.

Nikakumbuka zile kurasa nilizozifunika. Vijana, sikilizeni vizuri, maana hii ndiyo tofauti ya toleo na toleo. Lile la zamani lilichapa kila kitu ulichokipa. Lile jipya liliichukua alama ya kwanza ya kila mstari na halikuichapa kabisa. Liliitumia kuiamuru mashine ya kuchapia. Ikiwa ni nafasi tupu, shuka mstari mmoja. Ikiwa ni moja, ruka ukaanze ukurasa mpya. Tarakimu nyingine, mashine yetu ilishuka mstari kama kawaida, kimya, na tarakimu yenyewe ikapotea. Vijiji vidogo vilikuwa na nafasi tupu mbele, ndiyo iliyomezwa, navyo vikatoka sawa. Vijiji vyenye watoto mia na zaidi vilikatwa vichwa vyote. Na mimi nilijaribu kwa vijiji vidogo tu! Laiti ningeiacha idadi kule kulia ilikokuwa, ingemezwa herufi ya jina tu, na yeyote angeona mara moja. Ufundi wangu ndio uliotuponza.

Nasema kweli, nilitafuta uongo. Nilifikiri niseme karatasi imeloa njiani. Mama Yohana alikuwa ananitazama usoni kama anavyowatazama wazazi wanaodai hawasikii uchungu.

“Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema.”

Nikasema. Kosa ni langu, orodha ni mbovu, na timu ya Kibondo ipo Murungu sasa hivi na dozi zisizotosha. Dada yangu yupo pale na mtoto. Nililia kidogo, siwafichi.

Bwana Afya akakimbilia posta kupiga simu Kibondo. Akarudi akasema simu inakoroma tu. Kompyuta iko Dar, kadi ziko Dar, treni ni siku mbili. “Hata tukiwafuata,” akasema, “tunampelekea nani ngapi? Tukimwaga dozi ovyo zitaharibika kijiji kimoja na kukosekana kingine.”

Hapo ndipo akili yangu ilipokauka machozi. Maana mstari wa jumla wa kila kata niliuanza na nafasi tupu, kwa mazoea tu, kabla ya neno JUMLA. Uliomezwa pale ulikuwa utupu. Jumla zote zilikuwa sahihi! Nikamwomba Bwana Afya penseli.

Chukueni mfano wa Kagerankanda. Kata ile, kwenye orodha yangu, ilikuwa na vijiji vitatu: arobaini, themanini na tano, na ishirini. Ukijumlisha unapata mia moja arobaini na tano. Lakini JUMLA ilisema mia tano arobaini na tano. Mia nne zimemezwa. Sasa, kile kijiji cha ishirini kilikuwa kimerukia ukurasa mpya bila sababu. Basi kilichomezwa kwake ni moja, kina watoto mia na ishirini. Zimebaki mia tatu. Haziwezi kuwa mia na mia mbili kwa vijiji viwili, kwa sababu ile mia ingerukisha ukurasa. Ni tatu, za kijiji kimoja. Nikamgeukia Mama Yohana. Cha themanini na tano kikoje?

“Kidogo. Kiko bondeni, nyumba chache.”

“Basi Kagerankanda ni mia tatu na arobaini.”

“Ndiyo,” akasema mama yule, akiwa ametulia kabisa. “Hao sasa ndio watoto wetu.”

Nawaambieni, sijawahi kufurahia hesabu kama ile. Kata baada ya kata, tukaenda hivyo: mimi na penseli, Bwana Afya akikagua kurasa zilizoruka, Mama Yohana akituamulia panapobaki utata, maana alikuwa amezunguka vijiji vya huku kwa miguu miaka mingi. Zile kurasa zilizomkera mwendesha mashine ndizo zilizotuokoa. Tukafika Kibondo. Kata ya Murungu: sitini, sabini na tano, tisini. Jumla iliyochapwa, mia nne ishirini na tano. Zimemezwa mia mbili, na hakuna ukurasa ulioruka, basi ni za kijiji kimoja. Hapo sikumhitaji mkunga. Murungu penye shule ndiko walikohamishiwa watu, na ndiko aliko dada yangu. Watoto mia mbili na sitini, na timu imebeba dozi sitini na akiba kidogo.

Gari la hospitali halikuwapo. Lililokuwapo lilikuwa lori la Mzee Salumu, mwenye duka karibu na soko, limepakia chumvi ya Uvinza tayari kwenda Kibondo. Babu yake alitoka Pangani, naye akaurithi upole wa kule. Alikuwa anasubiri magunia mengine ishirini. Bwana Afya akamweleza kwa maneno machache.

“Chumvi haiozi, wanangu,” akasema, tayari anapanda kwenye usukani. “Leteni hilo kasha lenu.”

Tukaondoka saa nne na nusu, kasha la barafu lenye dozi za ziada mapajani mwangu, nimelifunika kwa kanga mbili. Barabara ile haikuwa barabara ya kuringia. Mzee Salumu aliuliza kila mara, “Barafu ipo?” nami nikitikisa kasha na kusikiliza. Kila tulipokwama kwenye tope nilishuka na kusukuma na wanaume, nikarudi nikiwa na matope hadi kiunoni, nikalipakata tena.

Niruke mbele kidogo, nisije nikasahau. Niliporudi Dar nilimweleza Bi Mwanaidi yote. Alichukua ukurasa mmoja wa orodha yangu mbovu akaubandika ukutani juu ya trei za kadi, na tangu siku hiyo hakuna programu iliyotoka chumba kile bila kujaribiwa kwa namba ndogo, namba kubwa na mstari mtupu. Vijana wapya walipouliza ukurasa ule ni wa nini, mimi ndiye niliyetumwa kuwaeleza. Mara ya kwanza niliona aibu. Baadaye nikawa nasimulia kwa mbwembwe, naona mpaka nikazidisha.

Murungu tulifika saa tisa alasiri. Uwanja wa shule ulikuwa umejaa akina mama wameketi chini, watoto migongoni, na hakuna aliyekuwa anaondoka. Muuguzi alikuwa anafunga mkoba wake, uso umemwiva kwa uchovu na lawama.

“Nimeishiwa tangu saa tano,” akaniambia. “Nimewaambia warudi mwezi ujao, hawataki kuondoka. Orodha inasema sitini, ndugu yangu. Sitini! Nani aliyeandika upuuzi huu?”

“Mimi,” nikamjibu. “Nimekuja kuusahihisha. Hapa ni mia mbili na sitini.”

Akafungua kasha. Barafu ilikuwa bado nzima zaidi ya nusu. Akaingiza mkono, akazigusa chupa moja moja, kisha akavaa tena aproni yake. Wale akina mama walipoelewa, vigelegele vilipanda pale uwanjani hadi Mzee Salumu akapiga honi ya lori kuitikia.

Tulichoma mpaka jua likaanza kuelekea chini ya vilima. Mimi niliandika majina. Mtoto wa mwisho alipochomwa, muuguzi aliomba idadi, nikajumlisha na wale wa asubuhi. Mia mbili hamsini na wanane. Wawili wako wapi? Mwenyekiti wa kijiji akasema pacha wa fundi cherehani wamekwenda na mama yao Kibondo, wanarudi kesho. Mia mbili na sitini kamili, vijana! Namba iliyopigwa kwa penseli mezani Kasulu, bila kompyuta, na ilikuwa haina hata mtoto mmoja wa kuzidi wala wa kupungua. Wale pacha walichomwa kesho yake hukohuko Kibondo kabla ya kurudi, na timu ikaendelea na vijiji vingine kwa orodha niliyoiandika upya kwa mkono wangu. Msimu ule surua ilipita Murungu, na Murungu haikuzika mtoto kwa ajili yake.

Skola alikuwa ameketi karibu na mwisho wa foleni. Tangu asubuhi hakuwa ameinuka hata kunywa maji, asije akapoteza nafasi. Zamu yake ilipofika hakuweza kutazama, akanikabidhi Nestori, akageukia ukuta wa shule na kujiziba masikio. Mimi ndiye niliyemshika mkono. Sindano ilipoingia, mtoto alivuta pumzi, akanitazama kama msaliti, kisha akaachia kilio cha kupasua bati. Nilimbeba njia nzima hadi nyumbani kwa dada, analia, anakataa kubembelezwa, ananipiga kifuani kwa ngumi zake. Skola alikuwa anatembea mbele yetu, na kila kilio kilipopungua aligeuka nyuma, akaniambia, “Mwache alie, Editha. Mwache alie.”